Kumlea Punda Aliyetelekezwa: Mwongozo Kamili kwa Asiyewahi Kufuga Punda

Nilimkuta chini ya mgunga karibu na kisima cha kijiji, upande wa Kondoa, amesimama kichwa kimeinama mpaka midomo inakaribia vumbi. Mgongoni alikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja, nzi wamekizunguka. Kwato za mbele zilikuwa zimerefuka na kupinda juu kama ndara iliyoachwa juani. Mwenyewe, muuza maji, alikuwa amenunua guta na hakuwa na haja naye tena. Nikamlipa, nikamkokota taratibu hadi nyumbani. Mimi wakati huo nilikuwa nimefuga kuku na mbuzi wanne basi; punda sikuwahi.

Jioni ile nilimwekea ndoo ya pumba za mahindi. Alizimaliza mara moja, nikalala nimefurahi. Alfajiri nilimkuta amelala ubavu, anageuza shingo kutazama tumbo, anajaribu kuinuka na kuanguka, shingo imelowa jasho. Bwana mifugo alikuja na pikipiki akahangaika naye hadi saa nne asubuhi. Alipokuwa ananawa mikono aliniambia: mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu anaweza kufa kwa shibe. Kila ninachoeleza hapa nimekijenga juu ya neno hilo. Punda aliyedhoofika unamponya kwa kwenda polepole, na kwa mtu mwenye huruma upole huo wa mwendo ndio mgumu kuliko kazi zote.

Kabla hujamleta nyumbani

Usimfungue punda wa mtu ukaondoka naye hata kama roho inakuuma. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, mkae na mwenye mnyama. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya nayo ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, kwa hiyo viongozi wana pa kuanzia. Lakini katika hali nyingi nilizoziona, mwenye punda si katili, ameshindwa tu. Mkikubaliana bei au akimtoa bure, andikishianeni mbele ya mashahidi. Punda wengi wameibwa Afrika Mashariki kwa sababu ya biashara ya ngozi, biashara ambayo wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuipiga marufuku Februari 2024. Ukisimamishwa njiani na punda asiye na karatasi, utapata shida kujieleza.

Muulize mwenyewe mambo haya: amekuwa akila nini, mara ya mwisho alifanya kazi lini, aliwahi kuchanjwa, na kama ni jike, amewahi kukaa na dume. Mimba ya punda huchukua kama mwaka mzima, kwa hiyo jike aliyekonda anaweza kuwa na mtoto tumboni bila dalili yoyote kuonekana nje.

Jambo moja la usalama wako. Punda hupata kichaa cha mbwa. Akiwa anadondosha mate mfululizo, anashindwa kumeza, anauma hovyo au anajing'ata mwenyewe, usiingize mkono mdomoni kutafuta mfupa au mwiba. Kaa mbali, ita mtaalamu.

Siku ya kwanza mtazame tu

Mpe mahali pakavu penye kivuli na paa. Manyoya ya punda hayana mafuta ya kuzuia maji kama ya farasi. Mvua humlowesha hadi kwenye ngozi, na aliyekonda hana mafuta ya kumpa joto. Fagia eneo lote na uokote mifuko ya plastiki, kamba na vitambaa. Mwenye njaa hula chochote, na plastiki ikiziba utumbo ndio mwisho wake.

Kisha chukua kigoda ukae mbali kidogo. Punda anaficha maumivu. Mbuzi akiumwa atalia, ila punda atasimama kimya masikio yamelegea, na wewe utasema ametulia. Angalia kama anabadilisha mguu wa kuegemea kila baada ya muda mfupi, kama anatafuna au anachezesha majani tu mdomoni, kama amekunya na kukojoa. Hesabu pumzi kwa kutazama ubavu unavyopanda na kushuka: akiwa ametulia, punda mkubwa huvuta pumzi 12 hadi 28 kwa dakika. Joto lake ni kati ya nyuzi 36.2 na 37.8, chini kidogo kuliko farasi. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha. Simama ubavuni mwa paja, kamwe si nyuma yake, kipake mafuta ya kupikia, kiingize kwenye njia ya haja kubwa na usikiachie.

Ukifanikiwa kumgusa, inua mdomo wa juu utazame ufizi. Wa waridi na wenye unyevu ni mzuri. Ubonyeze kwa kidole. Ule weupe urudi kwenye rangi yake ndani ya sekunde mbili. Ufizi mweupe kama karatasi unasema damu imepungua, na kwetu sababu zake mara nyingi ni minyoo, kupe au nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Hapo unahitaji kipimo cha damu, usibahatishe dawa.

Pitisha kiganja mbavuni, kwenye uti wa mgongo na nyonga. Usitegemee macho peke yake, manyoya marefu hudanganya. Wangu nilihesabu mbavu zote bila kubonyeza, na uti wa mgongo ulikuwa umechomoza kama msumeno. Chukua futi ya fundi nguo, mzungushie kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, andika sentimita kwenye daftari. Ni kipimo cha bei ndogo kitakachokuambia ukweli kila baada ya wiki mbili. Wangu alianza na 98.

Mtaalamu aitwe siku hiyo hiyo ikiwa hawezi kusimama, amekataa chakula, hajakunya, anahema kwa nguvu, au kidonda kina mifupa au usaha unaonuka.

Chakula

Mwili uliokaa na njaa umekausha akiba ya madini kama fosforasi, magnesi na potasiamu. Ukimwaga ghafla chakula cha wanga, yaani pumba, mahindi, mkate, ugali uliobaki, damu inajaa sukari, mwili unatoa insulini, na insulini inayavuta yale madini machache yaliyobaki kutoka kwenye damu kuyaingiza ndani ya seli. Moyo na misuli ya kupumulia vinabaki havina cha kuendeshea kazi. Mnyama anaweza kuanguka siku ya tatu, ya tano, hata ya tisa, wakati wewe umeshawaambia majirani kwamba anaendelea vizuri. Hatari hiyo ni mbali na tumbo kujaa gesi, ambayo ndiyo iliyompata wangu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walijaribu vyakula mbalimbali kwa farasi waliodhoofika, na kilichofanya vizuri zaidi ni majani makavu ya alfalfa, kwa kiasi kidogo na mara nyingi. Alfalfa ina fosforasi na magnesi ya kutosha na wanga mdogo. Ukishusha vipimo vyao hadi kwa punda wa kilo 150, unapata kama gramu 150 kila baada ya saa nne, usiku na mchana, kwa siku tatu za kwanza. Ni konzi chache tu za majani. Utaona aibu kumwekea, na atakutazama mpaka ujisikie mkosaji. Vumilia. Kuanzia siku ya nne ongeza kidogo kidogo na upunguze idadi ya milo, ili kufikia siku ya kumi awe anakula mara tatu kwa kiasi kikubwa zaidi. Baada ya hapo majani makavu yawe mbele yake muda wote.

Alfalfa, ambayo wafugaji wengine huiita lusani, usiichanganye na lusina, ule mti wenye majani madogo madogo na maganda marefu bapa unaopandwa kwa ajili ya mbuzi. Lusina ina sumu inayowanyonyoa farasi na punda singa za shingoni na mkiani. Majina yanafanana kiasi kwamba hata muuzaji wa mbegu anaweza kukosea; dai uone mmea wenyewe.

Kwetu alfalfa haikupatikana. Kwa ushauri wa bwana mifugo nilitumia nyasi kavu safi na konzi ya majani makavu ya karanga, nikigawa kwa mpangilio ule ule wa saa nne. Mabua makavu ya mahindi yanafaa baadaye, akishapata nguvu ya kutafuna. Vitu hivi usimpe kabisa: chakula cha kuku, kwa sababu mara nyingi kina dawa ya monensini ambayo huua moyo wa punda na farasi, chakula cha ng'ombe ambacho hujui kimewekwa nini, mahindi au mabua yenye ukungu, maana sumukuvu fulani ya mahindi hulainisha ubongo wa wanyama hawa hadi wakafa, na mtama mchanga uliochipua baada ya mvua, una sumu kali.

Halafu kuna hatari ya upande wa pili. Punda akikataa kula, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu, na ini hushindwa kuyamudu. Kwa punda hali hii huja haraka na huua, hasa jike mwenye mimba au anayenyonyesha. Kwa hiyo punda aliyesusa milo ya siku nzima ni dharura, usisubiri kesho.

Maji yawe safi. Punda ana uvumilivu mkubwa wa kiu lakini ni mchaguzi; ndoo yenye harufu ya sabuni ataiacha hata akiwa amekauka. Saa za mwanzo mpe lita mbili, subiri robo saa, ongeza tena. Akishazoea mwachie ndoo imejaa, kwani kwa siku hunywa lita 10 hadi 25 kulingana na jua na kazi. Jiwe la chumvi liwe pembeni alambe mwenyewe.

Unene hautarudi kwa mwezi mmoja. Tarajia miezi sita hadi kumi.

Kidonda cha mgongoni

Lugha yetu imekwisha kutuonya: pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi, na punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa upesi kuliko wengine wote. Kidonda kidogo cha kwatoni kinatosha. Ukimwona ametanua miguu kama benchi, mkia umekakamaa, taya hazifunguki na ile kope ya tatu, yaani utando wa kona ya ndani ya jicho, inateleza juu ya jicho akishtuliwa, umeshachelewa sana. Ulizia chanjo mapema, na kabla kidonda hakijashikwashikwa mwambie daktari wa mifugo akupe ushauri wa kinga ya haraka. Wewe mwenyewe uwe umechanjwa pia, utafanya kazi kwenye samadi na misumari.

Chemsha maji, yapoe, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Nyoa au kata manyoya yaliyozunguka kidonda. Mwagia maji yale kwa chupa iliyotobolewa kizibo, yatoke kwa msukumo mdogo yaondoe uchafu. Usikisugue kwa brashi wala kitambaa. Nilipomwagia wangu mara ya kwanza vilitoka vipande vya gunia vilivyokuwa vimegandana na nyama. Hapo ndipo nilipoelewa alikuwa akibebeshwa madumu juu ya kiroba kitupu, kamba imepita moja kwa moja juu ya uti wa mgongo. Ukikuta funza, wote watolewe kwa kibanio na mtaalamu achague dawa.

Mafuta machafu ya gari, maji ya betri, majivu ya moto, chuma cha kuchomea: wazee wetu wengine bado wanavitumia kwa nia njema. Vyote huua nyama hai inayojaribu kuziba kidonda. Mweleze mzee kwa heshima, mwamkie, mshukuru kwa ushauri wake, lakini usikubali vipakwe.

Dawa kubwa kuliko zote ni kutobeba kitu. Hakuna kidonda cha tandiko kitakachopona chini ya tandiko. Cha wangu kilifunga kuanzia kingoni kuelekea katikati, na kufikia wiki ya tisa kilibaki kovu lenye manyoya meupe.

Kwato, meno, minyoo, kupe

Kwato zilizorefuka zilichukua miezi mingi kufika hapo, na hazirudishwi kwa alasiri moja. Mishipa ya miguu na viungo vimeshajipanga kufuata umbo bovu; ukikata zote siku moja unaweza kumwacha kilema au akitoka damu. Tafuta mtu anayejua kuchonga kwato za punda, maana za punda zimesimama wima zaidi kuliko za farasi na mchongaji wa farasi anaweza kuzilaza mno. Apunguze kidogo, arudi baada ya wiki chache, apunguze tena. Zikishakaa sawa, kila wiki sita hadi kumi. Kazi yako wewe ni kuzisafisha kila siku kwa ndoano butu, ukivuta kutoka kisigino kwenda mbele. Penye weusi unaonata na harufu ya kuoza, tatizo ni unyevu: kausha banda kwanza, kisha utibu.

Meno hayahitaji maelezo marefu. Ukiona vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu vimeanguka chini, kuna jino lenye ncha linalomkata shavu au ulimi. Mtaalamu alisugue. Mwaka mara moja aangaliwe.

Minyoo anayo, bila shaka, ila siku ya kwanza si siku ya kumpa dawa. Mwili dhaifu ukipigwa na minyoo mingi inayokufa kwa pamoja unaweza kuzidiwa. Wangu alipewa baada ya wiki tatu, kwa kipimo cha uzito wake, na daktari wa mifugo ndiye aliyeamua tarehe.

Kupe ndipo watu wanapoponzwa na mazoea. Usimwogeshe punda kwa dawa ya ng'ombe yenye amitrazi. Kwa ng'ombe haina neno, lakini kwa punda na farasi huweza kusimamisha utumbo, kinyesi kikagandamana ndani na akafa kwa maumivu. Soma jina la kiambato kwenye chupa. Usiishie kwenye picha ya ng'ombe iliyobandikwa mbele.

Kumfanya akuamini

Husemwa kwamba fadhila za punda ni mateke. Nimeishi na huyu jike karibu miaka miwili, watoto wakamwita Bibi kwa sababu ya mvi za usoni, na teke alilonipiga ni moja tu: nilipomjia kwa nyuma usiku bila kusema neno. Farasi akiogopa hukimbia. Punda husimama kwanza, anafikiri. Sisi tukaita kusimama huko ukaidi, tukachukua fimbo, na fimbo ikamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Anza hivi. Kwa siku tatu au nne keti karibu na chakula chake, ubavu umemwelekea, bila kumkazia macho. Ongea sauti ya kawaida. Akisogea mwenyewe, mpe mgongo wa mkono anuse. Mguse begani, usianze na uso wala masikio. Punda wengi wa kazi wamewahi kuvutwa masikio. Mkune pale shingo inapokutana na mgongo. Midomo ikirefuka na kuanza kuchezacheza, umepapatia. Acha kabla hajachoka, ili kesho akusubiri.

Kuinua mguu: simama begani ukitazama mkiani kwake, teremsha kiganja toka bega hadi juu ya kwato, minya kidogo. Akinyanyua hata kwa sekunde moja, mwachie papo hapo akiwa bado ametulia. Kesho sekunde mbili. Mimi nilichukua siku kumi na mbili kupata mguu wa mbele wa kushoto, ule uliokuwa mbaya zaidi. Ile mingine ilifuata kwa siku mbili tu.

Hatamu iwe pana na laini, nilishona ya mkanda wa turubai uliofunikwa kitambaa. Kamba ya nailoni huchana ngozi. Na usimweke peke yake. Punda hufungamana na mwenzake kiasi kwamba akitengwa huweza kususa chakula, na umeshajua kususa kunamfikisha wapi. Kama hakuna punda mwingine, mbuzi si badala kamili, lakini Bibi alianza kulala chini usiku mara tu mbuzi walipohamishiwa upande wake. Kabla ya hapo alikuwa akilala wima.

Kama atarudi kazini

Wengine hawatarudi. Akiwa na mguu uliovunjika, au amelala siku kadhaa bila kuweza kuinuka, au maumivu hayazuiliki, mwombe daktari wa mifugo amlaze bila maumivu. Kumwacha afe polepole juani ukisema ni mapenzi ya Mungu ni kumtelekeza mara ya pili.

Aliyepona asifanye kazi mpaka kidonda kizibe kabisa, mbavu zifunikwe na nyama, na daktari atoe kauli. Tengeneza tandiko la mito miwili mirefu iliyojazwa majani makavu, moja kila upande, katikati pabaki mfereji ambapo uti wa mgongo hauguswi na chochote. Shogi, yaani mifuko ya mizigo ya ubavuni, zilingane uzito kushoto na kulia. Punda wetu wengi wana kilo 100 hadi 160 tu, na dumu la lita 20 ni kilo 20 bila kuhesabu plastiki yake. Madumu manne ni kilo 80. Mimi nimeweka kikomo cha theluthi ya uzito wake, ambayo kwa Bibi ni madumu mawili. Kila akivuliwa tandiko pitisha kiganja mgongoni: ukihisi joto, uvimbe au manyoya yaliyosagika, kesho hafanyi kazi.

Sasa anabeba asubuhi tu, siku nne kwa wiki, na jua likipanda anarudi kwa mbuzi wake. Futi ya juzi ilisoma sentimita 112. Mchongaji wa kwato anakuja tena Jumamosi.